Wakala wa majaribio ya mpira Sweden na Norway, hapa Mbeya: nyota mbili

Wadau wa soka wa nyanda za juu, huyu wakala anayepeleka vijana majaribio Skandinavia mdogo wangu kapita kwake kwahiyo naongea nnachokijua. Kwenye mazoezi nampa maua yake, vijana wanapigishwa tizi alfajiri na baridi ile ya Uyole mwezi wa sita, na video anakata vizuri, haina miziki wala chenga tupu, unamuona dogo anapokea mpira amegeukia goli la kwake, anaangalia bega, anageuka anabadilisha upande kwa mguu wa kushoto. Safi kabisa.

Shida makaratasi. Barua ya mwaliko ilikuja haina jina la mtu wala simu ya klabu, nikawaandikia klabu wenyewe wakasema hawaitambui, na hela tuliyolipa mpaka leo tunapigwa kalenda tu. Inauma sana, mama aliuza mahindi ya msimu mzima.

Wazazi, wakala mwenye leseni ya FIFA jina lake lipo kwenye tovuti yao, huyu hayupo. Dogo akiwa chini ya miaka 18 uhamisho wa nje FIFA wanakataza, labda sababu chache mno. Viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya, Sweden na Norway zikiwemo) ya muda mfupi ni siku 90 tu ndani ya 180, na ligi za huko zinaisha mwishoni mwa mwaka, baridi ikiingia. Hata Thomas Ulimwengu, mshambuliaji wetu Mtanzania, alienda AFC Eskilstuna ya Sweden 2017 akiwa ameshacheza TP Mazembe ya Congo, kwahiyo dogo apate kwanza mechi za ligi hapa nyumbani.