Uzoefu wangu na kitabu cha John R. Anderson, The Adaptive Character of Thought

Nafundisha saikolojia ya elimu, na nilikisoma kitabu hiki kwa sababu nimechoka kusikia kusahau kukiitwa uvivu wa wanafunzi. Si kipya, Anderson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, alikitoa 1990. Anataka tusianze na namna akili inavyofanya kazi. Tuanze na lengo lake, mazingira yake na gharama ya kufikiri, tukokotoe jibu lililo bora, ndipo tulilinganishe na wanavyofanya watu.

Sura ya kumbukumbu ndiyo iliyonishika. Anaitazama kumbukumbu kama maktaba: kitabu kilichoazimwa juzi, au kinachoazimwa mara kwa mara, ndicho kinachoelekea kuulizwa tena, basi kikae karibu. Mwaka 1991 yeye na mtafiti mwenzake, Lael Schooler, walikwenda kupima. Walichukua vichwa vya habari vya gazeti la New York Times wakaangalia neno lina uwezekano gani wa kurudi kadiri siku zinavyopita bila kutajwa. Uwezekano ulishuka haraka mwanzoni, kisha polepole, kama ile kasi ya kusahau ambayo Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyeipima kumbukumbu yake mwenyewe, aliichapisha 1885. Yaani tunasahau zaidi yale ambayo dunia yenyewe haielekei kutuuliza tena! Tangu hapo napanga marudio ya masomo kwa kuyatawanya muhula mzima, ili akili iyaone kama mambo yanayoulizwa mara kwa mara, siyarundiki wiki ya mtihani.

Ila usikisome bila wapinzani wake. Herbert Simon, wa chuo hicho hicho, alishikilia kwamba mazingira pekee hayatoshi kueleza mwenendo wa mtu. Lazima ujue na mipaka ya akili yake. Matt Jones na Bradley Love (2011), kisha Jeffrey Bowers na Colin Davis (2012), waliwabana warithi wa mtindo huu wanaotumia hesabu za Bayes, yaani za kurekebisha makadirio ya uwezekano kila ushahidi mpya unapopatikana: ukiwa huru kubadili dhana zako kuhusu lengo na mazingira mpaka hesabu ikubali, karibu kila tabia itaonekana kuwa bora. Nawaunga mkono. Hata humu, sura ya kutatua matatizo naiona dhaifu, kwani mazingira yake yamekisiwa zaidi kuliko kupimwa. Lakini kwenye kumbukumbu lawama hiyo haina pa kushika, maana maneno ya gazeti yalihesabiwa.

Hesabu zake ni nzito. Asiyezoea nadharia ya uwezekano aanze na sura ya kumbukumbu, aruke milinganyo, afuate grafu.