Hilux 3L ya zamani, imeinuliwa, sasa inavuta tela bila kuyumba

Wadau nimerudi juzi kutoka Iringa na Hilux yangu ya zamani, ile ya injini 3L (hilo ni jina tu, ni dizeli ya lita 2.8), nikaona niwasifie hawa mafundi wa gereji moja huku Tabata maana kazi yao nimeielewa. Gari niliinunua tayari imeinuliwa, ina tairi za matope za inchi 33, ukifika 80 usukani unatetemeka, na ukifunga tela mkia unakaa chini taa zinamulika angani.

Fundi hakukimbilia kuniuzia vitu, alianza kulala chini ya gari. Akabadilisha bushi za springi, akaweka shokapu mpya na kuongeza jani moja la springi nyuma, halafu ile sehemu ya kufungia tela akaishusha ili tela likae sawa na barabara. Hapo ndo nilimkubali kabisa. Akanifundisha pia kupakia, mzigo mzito uwe mbele kidogo ya ekseli ya tela, kwenye ndoano ije kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, ukirundika nyuma tela litacheza na kukutoa barabarani.

Tairi tumerudi 31 za barabarani, injini 2.8 haina turbo jamani, zile 33 zilikuwa zinaimaliza nguvu.

Mlima Kitonga, ule wa njia ya Iringa, nimepanda gia ya pili taratibu, kushuka nimeshuka na gia hiyohiyo breki naigusa tu. Kasoro yao ni muda, waliniambia siku mbili zikawa tano.