Uzoefu wangu: Mokoro (mtumbwi) kule delta ya Okavango, Botswana

Nimerudi Dar juzi na naandika haraka kabla sijasahau, maana wakati najiandaa nilitafuta taarifa za Botswana kwa Kiswahili sikupata kitu, na za Kiingereza nyingi zinamlenga mtu anayetua na ndege ndogo katikati ya pori. Mimi nilienda kwa basi.

Dar mpaka Lusaka, halafu Livingstone, nikaona Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria (mwezi wa saba, unalowa kabisa, simu weka kwenye mfuko wa nailoni), kisha Kazungula. Zamani pale ilikuwa pantoni na malori yalikuwa yanalala foleni, tangu 2021 kuna daraja, unavuka Zambezi fasta tu uko Botswana. Kwa pasi ya Tanzania visa sikuombwa.

Mjini Kasane nikajiunga na safari ya kundi, gari moja watu kumi. Boti ya jioni mto Chobe ni nzuri mno, tembo wanaogelea mikonga juu na watoto wao wako katikati, tembo nimeshawaona sana Mikumi ila siyo hivi, unawaangalia ukiwa usawa wa maji kabisa. Ila ajenti aliniambia mablanketi yapo kwenye bei, kufika kempu hakuna, na usiku wa huko mwezi wa saba ni baridi ya Makete, nilitetemeka mpaka asubuhi. Hilo liliniuma kwa sababu niliuliza mara mbili kabla ya kulipa.

Njiani kwenda Maun, mji wa kuingilia Okavango, mnasimamishwa kwenye uzio wa mifugo, mnashuka mnakanyaga dawa kwa viatu na nyama mbichi inachukuliwa, ni kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Msibebe nyama.

Sasa mokoro. Ni mtumbwi mwembamba, abiria wawili mnakaa chini na mwenyewe anasimama nyuma anapiga pondo, kama kwetu Rufiji kabisa. Zamani walichonga mti mzima, mwegea kwa mfano, siku hizi mingi ni ya faiba ili miti isiishe. Wapiga pondo ni wanakijiji wenyewe, wanaenda kwa zamu, na wetu alikuwa mzee mmoja mtulivu sana, tukawa tunamwita rra (bwana, kwa Kisetswana) kwa heshima. Akatueleza kwamba maji tunayopita juu yake ni mvua iliyonyesha Angola miezi mingi nyuma, yanatembea polepole mpaka yanafika kiangazi wakati huku hakuna hata tone, na baharini hayafiki, yanaishia kwenye mchanga wa Kalahari. Nilikaa kimya muda mrefu nikiyaangalia yale maji, masafi mpaka unaona mizizi ya mayungiyungi.

Kulikuwa na kiboko mbele, mzee akasimamisha mtumbwi, akasikiliza, akapinda akapita kwenye matete maji mafupi, kiboko anapenda kina. Hakuwa na haraka hata kidogo na mimi uoga ukaisha.

Usiku kwenye moto nikamuuliza nyama mnaitaje, akasema nama. Mtu? Motho. Nyoka? Noga. Tukaenda hivyo mpaka moto ukawa makaa, yeye anacheka na mimi nacheka, aisee kilomita zote zile halafu unamkuta mtu mna maneno ya bibi mmoja! Huko nyuma vyura wadogo wanalia kama kengele. Kesho yake Maun nikala seswaa, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na chumvi ikapondwa, na ugali. Haina viungo na haivihitaji.

Mokoro naipa tano kwa tano, safari ya gari tatu, kwa sababu ya lile blanketi na kukimbizana barabarani. Bebeni sweta nzito na pula (hela ya Botswana) taslimu za bakshishi, mpeni mpiga pondo mkononi mwake. Nikijaliwa kurudi naenda Maun moja kwa moja, siku tano majini, na nitaulizia zamu ya mzee yuleyule.