Vinara vya Quistgaard au vya Nagel?

Anayenunua vinara vya Jens Quistgaard, Mdenmaki aliyeanza kuibunia kampuni ya Dansk mwaka 1954, hupata chuma cha kusubu, cheusi na kizito, chenye herufi IHQ za mbunifu kwa chini. Usumbufu uko kwenye mishumaa, kwa kuwa vingi vina matundu membamba yasiyopokea mshumaa wa kawaida. Unyevu nao huleta kutu.

Vile vya Fritz Nagel na Caesar Stoffi, vya Ujerumani ya miaka ya 1960, vimepakwa kromu na hupandana, miguu mitatu ya kimoja ikiingia katika vikombe vya kingine, hata mnara ukakua kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa kuwa vinatengenezwa upya, anayetaka vya zamani avikague kwanza. Mimi ningechagua vya Quistgaard.