Matope ya Bahi: kupunguza upepo au kufunga minyororo?

Masika yakikolea Dodoma, udongo mweusi wa mbuga kule Bahi huteleza kama sabuni. Kupunguza upepo wa tairi za gari ni rahisi: kutoka paundi 35 shuka hadi 20, tairi litanuke. Kwenye mchanga wa korongo hakuna dawa bora kuliko hiyo. Usishuke chini ya 15, maana ukikata kona tairi huchomoka kwenye rimu. Ukifika lami jaza upepo kwanza. Tairi legevu likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka.

Ila udongo mweusi hunata. Tairi likizunguka mara mbili tatu, kashata (meno ya tairi) zimejaa tope, limekuwa duara laini, na upepo mdogo hausaidii tena. Hapo minyororo ndiyo yenyewe, ileile ya kwenye theluji Ulaya: pete zake huuma chini na kubandua tope. Ifunge kwenye magurudumu yanayosukuma gari, kabla hujazama. Tembea mita 100, simama, ikaze tena, kwani iliyolegea hukata bomba la breki. Usizidi kilomita 40 kwa saa, na kwenye lami ivue.

Kwa Bahi, tungebeba minyororo. Pampu iwepo pia.