Usiku mmoja katika kijiji cha Wadai, Ganlanba: uzoefu wangu

Ninasoma Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, na Septemba iliyopita nilipata siku tatu za mapumziko nikaamua kwenda Xishuangbanna, eneo la watu wa kabila la Wadai, linalopakana na Laos na Myanmar. Kwa lugha ya wenyewe, ambayo ni ndugu ya Kithai na Kilao, jina hilo hufasiriwa kuwa mashamba 12,000 ya mpunga. Tangu reli ya Kunming hadi Vientiane ilipofunguliwa Desemba 2021, safari imekuwa nyepesi: nilipanda treni asubuhi, na baada ya saa tatu na nusu hivi nikashuka Jinghong, kwenye joto, migomba na harufu ya udongo uliolowa mvua.

Nililala katika Bustani ya Wadai iliyopo Ganlanba, kama kilomita 30 kutoka Jinghong, kando ya mto Lancang ambao ukishatoka China huitwa Mekong. Neno bustani lisimpotoshe msomaji. Lango lipo na kiingilio kipo, lakini ndani yake mna vijiji vitano ambavyo watu wanaishi, wanalima na kulea watoto wao. Kosa langu lilikuwa kujiunga na msafara wa wakala mmoja wa utalii kwa kuvutiwa na bei yake ndogo. Njiani tulipelekwa kwenye duka la mapambo ya fedha, tukakaa humo karibu saa mbili tukisihiwa kununua, na tulipofika kijijini jua lilikuwa limeshapinda. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu muda tulioporwa ndio tuliokuwa tumeulipia nauli.

Alasiri tuliwahi tamasha la kurushiana maji, ambalo hapo hufanyika kila siku katika uwanja wa mviringo. Sikukuu yenyewe ni mwaka mpya wa Wadai, huwa katikati ya Aprili, na mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Nililowa chepechepe, nikacheka na watu nisiowajua, na sijutii. Hata hivyo nilitoka pale nikiwa sijaelewa kwa nini maji, na si kitu kingine. Wengi wa msafara wetu walipanda basi na kuondoka baada ya hapo. Mimi nilikuwa nimeomba kubaki, na kubaki huko ndiko ninakokusifu katika maelezo haya yote.

Nyumba ya Kidai husimama juu ya nguzo. Zamani chini palifungwa mifugo, siku hizi huwekwa pikipiki na magunia, na watu hukaa juu. Nilivua viatu, na binti wa nyumba, aliyekuwa akinitafsiria maneno ya Kidai kwa Kichina, akanieleza kwa upole kwamba mgeni hachungulii chumba cha kulala cha wenyeji wala haegemei nguzo kuu ya nyumba. Chakula kilikuwa samaki aliyejazwa mchaichai na pilipili, akabanwa kwa vijiti vya mwanzi na kuchomwa juu ya makaa, pamoja na wali wa kunata uliopikwa ndani ya pingili ya mwanzi, ambao huliwa kwa mkono kama tulivyozoea nyumbani. Nyama ya nguruwe hupikwa mara nyingi, kwa hiyo Mwislamu aseme mapema. Mimi nilisema, na mama mwenye nyumba alinipikia samaki na mboga bila kinyongo.

Baada ya kula, bibi wa nyumba aliniita niketi mbele yake. Alitoa uzi mweupe wa pamba, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wangu taratibu, huku akinong'ona maneno ambayo binti hakuyatafsiri yote. Alisema tu kwamba bibi anaifunga roho yangu isipotee njiani. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu aliyelima mpunga maisha yake yote, lakini fundo alilifunga kwa wepesi, akaniachia nafasi uzi usinibane. Nilimwinamia kama ninavyomwinamia bibi yangu mzaa mama.

Alfajiri aliniruhusu nimfuate hekaluni. Wadai wengi ni Wabudha wa madhehebu ya Theravada, na nilifika katika miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hutulia hekaluni na wazee huongeza ibada, hata harusi hazifungwi. Bibi alibeba wali wa kunata, maua, mishumaa na chupa ndogo ya maji. Mtawa alipoanza kusoma, wazee waliinamisha vichwa, na kila mmoja akamimina maji yake kwenye bakuli, tone kwa tone, pasipo kuyakatiza, mpaka kisomo kikaisha. Binti aliniambia kwamba kwa maji yale bibi huwapelekea marehemu wake thawabu, kisha huyamwaga chini ya mti. Maji yale ya jana uwanjani nikayaona kwa jicho jingine.

Kabla ya kuondoka nilimkuta mama mmoja akifinyanga. Gurudumu lake huzunguka polepole, naye hushika jiwe ndani ya chungu huku akigonga kwa nje na kibao. Nikawakumbuka wafinyanzi wa Kikisi wa kule Ikombe, Kyela, nchini Tanzania. Natamani ningempa asubuhi nzima.

Kasoro zipo. Ukuta wa mbao una nyufa na mbu ni wengi, hivyo chandarua kisiachwe wazi. Vibao vya maelezo kwa lugha za kigeni ni vichache, na asiyejua Kichina atahitaji mtu wa kumtafsiria. Godoro la usufi lililotandikwa sakafuni halitamfaa mwenye maumivu ya mgongo. Atakayekwenda asipitie wakala: apande gari Jinghong hadi Ganlanba, azungumze na wenye nyumba moja kwa moja, na aulize usiku uleule ni saa ngapi wazee wanakwenda hekaluni, maana wao hawamsubiri mgeni aliyelala.