Kurekodi mikutano yetu kwa OBS: uzoefu wangu

Kundi letu hutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na hukutana kwa Jitsi, huduma ya mikutano ya video mtandaoni, Jumamosi moja kila mwezi. Kazi ya kurekodi iliniangukia mimi, sijui ni kwa nini. Mwaka mzima sasa natumia OBS Studio, programu huria ya kurekodi skrini na sauti, hapa Roysambu, Nairobi, kwenye laptopu ya RAM ya GB 8.

Nianze na aibu yangu. Siku ya kwanza mgeni wetu alizungumza dakika arobaini kuhusu kutuma marekebisho yako ya kwanza kwenye mradi. Jioni kufungua faili, nikajisikia mimi peke yangu: "Enhe… naam…" Kimya kirefu. "Enhe." Kosa langu. Chini ya dirisha la OBS kuna mistari ya sauti, mmoja wa maikrofoni yako na mwingine wa sauti inayotoka kwenye kompyuta. Huo wa pili ulikuwa umelala fofofo nami nikikodolea macho uso wa mgeni. Siku hizi sianzi mpaka mtu asalimie na nione kijani kikirukaruka kote kuwili. Kisha kila sauti naipa njia yake (OBS inaruhusu sita), ili jogoo wa jirani akiwika nimnyamazishe bila kumgusa mgeni.

Kilichonifanya niipende OBS ni MKV, aina ya faili ya video inayoweza kurekodi kwayo. Kuna siku stima ilipotea katikati ya mkutano, na betri ya laptopu yangu ni pambo tu. Ikazima dakika ya 52. MP4 ya kawaida, ile aina ya faili iliyozoeleka, huandikiwa faharasa yake mwishoni, ukibonyeza kusimamisha, na bila hiyo haifunguki, kwa hiyo ningebaki na takataka. MKV huandikwa kadiri inavyokwenda. Dakika zote 52 nilizikuta. Kuigeuza iwe MP4 hufanyika ndani ya OBS yenyewe kwa muda mfupi, na ubora haupungui.

Kukata video, OBS haikati. Hapo natumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, na amri zake mpaka leo nazinakili kutoka kwenye karatasi niliyobandika ukutani.

Kusambaza ndiko kulikonisumbua zaidi. Saa moja na nusu kwa kbps 2,500 (kilobiti kwa sekunde) ni karibu GB 1.7. Nani ana bando la kushusha mzigo huo? Nilituma kiungo miezi mitatu, hakuna aliyetazama. Sasa video naipakia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako ni bure, na kwenye kundi la WhatsApp natuma sauti pekee. Ukiibana kwa Opus, mbinu ya kubana sauti, kbps 32, mkutano uleule unakuwa MB 22 hivi. Watu wanasikiliza kwenye matatu wakirudi nyumbani, na maswali yameanza kuja hata Jumatano.

Tahadhari moja. OBS hurekodi skrini yako kutoka nje, Jitsi haina habari, kwa hiyo washiriki hawaonyeshwi alama yoyote. Lazima utangaze mwenyewe, na sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya 2019 si mapambo. Mwezi uliopita dada mmoja alisema hataki sauti yake isambae. Nikabonyeza kitufe cha kusitisha, akauliza swali lake, akajibiwa, tukaendelea. Kwenye rekodi, mgeni anaruka ghafla kutoka sentensi moja hadi nyingine. Watu wawili wameshaniuliza kama faili imeharibika.